Diski ya nje yenye mifumo miwili: programu ya kuwashia ikae wapi?

Tarehe 14 Oktoba, 2025, Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida kwa Windows 10. Mkazi ambaye kompyuta yake haiwezi kupokea Windows 11 anaweza kusakinisha Linux, hata aina mbili, katika diski ya nje na kuiacha Windows kama ilivyo.

Ugumu huwa kwenye programu ya kuwashia, ile inayotangulia mfumo endeshi na kumpa mtumiaji orodha ya kuchagua. Kwa Linux inayotumika sana ni GRUB. Baadhi ya visakinishi huiweka katika sehemu ya kuwashia (EFI) ya diski ya ndani, ingawa mtumiaji amechagua diski ya nje. Diski hiyo ikichomolewa, kompyuta huishia kwenye skrini nyeusi yenye neno grub> pekee. Mwenye duka la steshenari anaweza kudhani kazi zote za wateja zimepotea, akakubali kufutiwa kila kitu na fundi mwenye haraka. Kwa kawaida faili zipo salama: afungue menyu ya kuwashia, mara nyingi kwa F12, F9 au Esc, kisha achague Windows Boot Manager.

Kinga yake ni kuitenganisha diski ya ndani kabla ya kusakinisha. Diski ya nje igawanywe kwa mfumo wa GPT na ipewe sehemu yake ya EFI ya aina ya FAT32. MB 500 zinatosha. Mifumo yote miwili ikishaingia, fungua ule wa kwanza (maelezo haya ni ya Debian na Ubuntu) na utoe amri hii:

sudo grub-install --target=x86_64-efi --efi-directory=/boot/efi --removable

Neno la mwisho ndilo lenye uzito. Huiweka GRUB katika EFI/BOOT/BOOTX64.EFI, mahali ambapo kompyuta za UEFI za biti 64 huangalia zinapowashwa kwa diski ngeni.

Tangu toleo la 2.06 la mwaka 2021, GRUB haitafuti mifumo mingine yenyewe. Katika /etc/default/grub ongeza GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false, kisha endesha sudo update-grub, diski ya ndani ikiwa bado imetenganishwa; vinginevyo Windows ya kompyuta hiyo itaingia kwenye orodha, na haitafunguka diski ikipelekwa kwingine. Amri hiyo ya pili irudiwe katika mfumo wa kwanza kila kiini cha mfumo wa pili kinaposasishwa.