Ufunguo wa simu yako anao nani?



Likizo iliyopita nilikuwa nashuka kwenye boti pale Mbamba Bay, simu ikaniponyoka, ikazama ziwani. Nilipopanda Mbinga mjini nikanunua nyingine, ila paswedi ya akaunti yangu ya Google sikuikumbuka. Kumbe sikuwahi kuijua! Akaunti ile alinifungulia fundi wa simu nilipokuwa kidato cha nne. Nikamfuata kibandani. Akafunua daftari lake, akanisomea paswedi yangu kwa sauti, wateja wengine wakisikia. Miaka yote hiyo ufunguo wa picha zangu na namba zangu anao yeye.

Nilicheka, lakini usiku sikulala vizuri. Vijana wa VIWAWA huniandikia mambo mazito: mimba, ugomvi wa wazazi, mawazo ya kuacha imani. Sio kitubio, mimi bado ni frateri tu. Lakini ni siri, na waliniamini mimi, sio fundi.

Kanisa linajua uzito wa ufunguo. Katika Sheria za Kanisa za mwaka 1983, kanuni ya 938 inataka ufunguo wa tabernakulo utunzwe kwa uangalifu mkubwa. Kanuni ya 490 inataka ufunguo wa hifadhi ya siri ya jimbo awe nao askofu peke yake. Na kanuni ya 220 inalinda haki ya kila mtu kutunza faragha yake. Kufuli peke yake haitoshi. Lazima ijulikane ufunguo anao nani.

Turudi kwenye simu. Meseji ya WhatsApp husafiri ikiwa imefungwa, lakini nakala rudufu inayokaa Google ni mlango mwingine. Tangu 2021 unaweza kuifunga kwa paswedi yako mwenyewe au kwa ufunguo wa tarakimu 64. Usipofanya hivyo, ufunguo hauko mikononi mwako peke yako. Ukifanya halafu ukaupoteza, hata WhatsApp wenyewe hawawezi kukufungulia.

Na mwenye ufunguo ndiye anayebishiwa hodi. Mwaka 2016 Maxence Melo wa JamiiForums alishtakiwa Dar es Salaam kwa kutowapa polisi taarifa za watumiaji wake.

Utasema, "Kama huna dhambi, unaficha nini?" Swali zuri, ila linachanganya mambo mawili. Kuficha ni kukwepa ukweli unaodaiwa. Kutunza ni kulinda alichokukabidhi mwenzako. Siri ya mwenzako sio mali yako kuiacha wazi.

Zoezi la wiki hii:

1. Kama akaunti yako ulifunguliwa na mtu, badili paswedi leo.
2. Kwenye WhatsApp ingia Mipangilio, kisha Soga, uifunge nakala rudufu yako. Ule ufunguo uandike kwenye karatasi, uuweke pamoja na cheti chako cha ubatizo.
3. Jiulize: nani ameniamini, na siri yake nimeiweka wapi?

Mimi niliwaambia wale vijana ukweli, nikawaomba msamaha. Wengi walinielewa. Mmoja hajaniandikia tena mpaka leo, na ninamwombea.

Tuombeane.