Mwanafunzi Mgeni Chuoni

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Kijana atokaye kwao kwenda chuo kikuu huingia katika hali mbili kwa pamoja: ni mtafutaji wa elimu, na ni mgeni katika mji wa watu. Fadhila za hali ya kwanza hapana Mwislamu asiyezijua. Hali ya pili ina hukumu zake, na hizo wengi hawazijui. Kwa hivyo majuma ya kwanza ndiyo yaharibuyo ada nyingi njema. Kwani aachaye sala ya alfajiri juma la kwanza kwa uchovu wa safari, juma la tatu huiacha wala hana uchovu.

Katika maulamaa wa Kishafii, khabari ya kufika chuoni kwa Imam Nawawi imehifadhiwa. Naye ndiye mwenye Minhaj, kitabu kisomwacho katika darsa za pwani hata leo. Alizaliwa Nawa, katika nchi ya Sham, mwaka 631 wa Hijra (1233). Mwaka 649 (1251) baba yake alimpeleka Dimishki, umri wake ukiwa miaka kama 19. Alisoma siku chache kwa Sheikh Tajuddin al-Fazari, lakini hakuwa na pa kulala. Ndipo akaelekezwa Madrasa Rawahiya, akapata chumba kidogo, na chakula chake kikawa posho ya madrasa basi.

Katika dhiki hiyo hakungoja mambo yatengenee ndipo asome. Alishika kitabu kimoja, Tanbih cha Abu Is-haq Shirazi, akakihifadhi kwa miezi minne na nusu hivi. Baadaye ndipo ikafika siku ya kusoma masomo 12 kwa siku. Moja kwanza, kisha mengi. Na alipojitia kusoma utabibu, akanunua kitabu cha Ibn Sina, moyo wake ulimfunga giza siku kadha, hata akakiuza. Haikuwa kwa kuwa utabibu ni mbaya, kwani yeye mwenyewe ameandika kuwa utabibu ni faradhi ya kifaya. Bali haukuwa kazi yake. Mwanafunzi aliyeona kuwa somo alilochagua silo lake, na amwendee mwalimu mapema aulize, asifiche mpaka mtihani umfichue.

Haya ndiyo yampasayo kuyajua tangu siku ya kwanza:

Masala ya kwanza: Sala ya safari. Mwenye kusafiri marhala mbili, nazo ni kilomita 80 na zaidi kidogo, ana ruhusa njiani kupunguza Adhuhuri, Alasiri na Isha. Lakini afikapo chuoni, naye amenuia kukaa siku nne kamili, pasipo kuhesabu siku ya kuingia wala ya kutoka, ruhusa imekwisha pale pale. Aliyekuja kwa muhula mzima si msafiri. Mwenye kusali rakaa mbili mwezi mzima kwa hoja kwamba yeye ni mgeni, sala hizo ni deni juu yake, azilipe.

Masala ya pili: Ijumaa. Mwanafunzi aliyenuia kurejea kwao baada ya masomo hakuufanya mji ule kuwa maskani yake. Ijumaa ni wajibu juu yake, ila hahesabiwi katika wale watu 40 ambao kwao husihi. Wanafunzi wageni watupu wasijitengee Ijumaa bwenini. Na waende msikitini kwa wenyeji.

Masala ya tatu: Kibla. Watu wa pwani wamezoea kuita upande wa kaskazini kibla, na Dar es Salaam ni kweli karibu sawasawa. Lakini aendaye kusoma Kairo au London, kibla chake ni kusini mashariki. Asielekee kwa mazoea, aulize.

Masala ya nne: Darsa na sala. Wakati wa Adhuhuri ni mpana. Mwenye darsa aazimie kusali itokapo, kabla ya Alasiri kuingia, wala hana dhambi. Magharibi ina haraka zaidi. Darsa ikiikuta, amwombe mwalimu ruhusa mapema kwa adabu, atoke dakika chache, arudi. Asitoke kwa kishindo, wala asikae kwa haya.

Masala ya tano: Mwenzi wa chumbani. Suratun Nisaa, aya ya 36, imeusia kumtendea wema hata mwenzi aliye ubavuni. Alalaye kitanda cha pili, awe Mwislamu au asiwe, ana haki: asiamshwe kwa makelele, asiguswe mali yake, aulizwe hali augua.

Ama upweke, si dalili ya kushindwa. Dawa yake ni jamaa ya msikitini, na simu kwa mama, apigiwe kwa salamu kabla ya kupigiwa kwa fedha. Na fedha za wazee ni amana. Azigawe kwa majuma siku anayopokea. Kwani mwenye kula za muhula kwa mwezi mmoja hukopa, na deni humwondoa mtu darsani kuliko ugumu wa kitabu.

Mwenyezi Mungu awathibitishe vijana waliotoka kwao kwa ajili ya elimu, awarejeshe kwa wazee wao na dini yao ikiwa kamili. Wabillahi tawfiq.