Kikundi Kujipima: Somo kwa Wawezeshaji

Somo hili ni la wale mliochaguliwa na wenzenu kuwa wawezeshaji, yaani watu wa kusaidia kikundi kikae chini na kupima kazi yake chenyewe. Hata wewe ambaye hukuchaguliwa, soma. Siku ya kupima ikifika, jibu litatoka kwako.

Tuanze na neno moja la Kijapani. Sisi tukisema "muda" tunamaanisha wakati. Wajapani wakisema "muda" wanamaanisha upotevu, kazi isiyomfaa mtu yeyote. Maneno haya hayana undugu, lakini mama aliyekaa chini ya mti tangu saa tatu asubuhi hadi saa saba akingojea mkutano uanze atasema ni neno moja tu. Katika kiwanda cha magari cha Toyota, mhandisi Taiichi Ohno alihesabu aina 7 za upotevu: kutengeneza kupita kinachohitajika, kungoja, kusafirisha ovyo, kufanya kazi isiyo ya lazima, kulimbikiza vitu, kutembeatembea bure, na kuharibu kitu mpaka kirudiwe. Hakuna hata moja ambayo haipo vijijini. Kikundi kinachojenga bwawa la mchanga kikileta saruji mwezi wa nane, na mawe yakusanywe mwezi wa kumi, sehemu ya saruji itakuwa imeganda ndani ya mfuko. Huko ni kulimbikiza. Na ukuta usiposhikana na mwamba, maji yatapita chini yake, halafu mwethya mzima urudi kuanza upya. Hapo kazi imeharibika.

Mwaka 2001 wataalamu wa chuo cha MIT huko Marekani, waliokuwa wakifanya kazi na viwanda vya ndege, walitoa chombo cha kusaidia shirika kujipima kama linafanya kazi bila upotevu. Kila jambo hupewa kiwango kutoka 1 hadi 5, na hupewa mara mbili: tuko wapi leo, na tunataka kufika wapi. Mkaguzi wa nje haji kutoa alama. Wanaotoa ni wenye shirika, na mwezeshaji huwaongoza tu.

Msiseme haya ni mambo ya wazungu na ndege zao. Kenya tulikuwa na desturi ya namna hii kabla ya chombo hicho. Tangu mwaka 1974 Anne Hope na Sally Timmel waliendesha hapa nchini, pamoja na Kanisa Katoliki, mafunzo yaliyoitwa DELTA, wakifuata mawazo ya Paulo Freire wa Brazil: watu wajadili maisha yao wenyewe, na kiongozi aulize badala ya kuhubiri. Hapa Ukambani, Joshua Mukusya na wenzake walianzisha kikundi cha Utooni mwaka 1978, na mabwawa ya mchanga waliyojenga yamefundisha wengi. Kikundi hakifiki mbali hivyo bila kujiuliza maswali magumu.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe.

Chagua swali moja. Si kumi. Tuchukue hili: "Wanachama wanajua pesa za kikundi ziko ngapi na zimefanya nini?" Mkiwa pamoja, elezeni kila kiwango kwa maneno ya hapo kijijini. Kiwango cha 1: anayejua ni mweka hazina peke yake. Cha 2: hesabu husomwa mara moja moja, mtu akiuliza. Cha 3: husomwa kila mkutano. Cha 4: wanachama hushika daftari na risiti na kukagua wenyewe. Cha 5: hesabu hiyo ndiyo inayotumika kupanga msimu ujao, na hata mwanachama mpya anaweza kuieleza. Msikimbie hapa. Kama watu hawakubaliani maana ya 3, alama zao hazitakuwa na maana.

Kisha tafuta makopo matano, uyaweke nyuma ya pazia la gunia. Yawekee alama za mawe, jiwe moja mpaka matano, ili asiyejua kusoma asimwombe mtu msaada. Kila mwanachama anapewa punje moja ya mahindi na moja ya maharagwe. Anaingia peke yake. Mahindi anatia kwenye kopo la hali ya leo, na maharagwe kwenye kopo la pale anapotaka kikundi kiwe baada ya mwaka. Mwenyekiti anaingia wa mwisho. Akitangulia na kutoka akisema "mimi naona tuko sawa sawa", zoezi limekwisha.

Mwagieni makopo mbele ya watu wote, kila kopo na fungu lake. Tuseme mko wanachama 24. Kopo la 1 lina mahindi 9, la 2 lina 3, la 3 lina 1, la 4 lina 2, na la 5 lina 9. Ukipiga wastani unapata karibu 3. Wawezeshaji wengi hapo huandika "tuko kiwango cha 3" na kufunga daftari. Lakini angalia tena: kwenye 3 yupo mtu mmoja tu! Watu tisa wanaona giza, tisa wanaona mwanga, na wote ni wa kikundi kimoja. Hiyo tofauti ndiyo habari yenyewe.

Hapo utulie. Usiulize "nani alitia kwenye 1?" Ukiuliza hivyo umevunja siri na hutaaminiwa tena. Uliza hivi: "Mtu anayeona tuko 1, huenda ameona nini?" Mazungumzo yanaweza kwenda namna hii:

"Mimi sisemi kuna mtu amekula pesa," mama mmoja anasema. "Nasema tu hesabu inasomwa kwa Kiingereza, na haraka."

"Lakini mwaitu, si daftari liko hapa mezani kila siku?" mweka hazina anajibu.

"Liko, mwanangu. Limefungwa."

Mweka hazina hakuiba, na mama hakusingizia. Kama mwezeshaji angetoa jibu lake haraka, yasingetokea haya. Mimi mwenyewe niliwahi kukosea hapa. Niliwajumlishia watu alama, nikawaandikia mpango mzuri wa kurasa nne, wakanipigia makofi na kunipa kuku. Niliporudi baada ya miezi sita, kurasa zile zilikuwa bado zimekunjwa vile nilivyoziacha. Mpango ulikuwa wangu. Kuku nilimla, lakini sikumstahili.

Baada ya pesa, mnaweza kupima kazi. Njia nzuri ni kufuata gunia. Ndengu za vuli zikivunwa, Januari au Februari, chagueni gunia moja mlifuate kwa miguu kutoka uwanja wa kupuria hadi kwa mnunuzi. Kila linaposimama, andikeni limesimama siku ngapi na kwa nini. Labda lilipimwa nyumbani kwa gorogoro, likapimwa tena stoo kwa mzani, na vipimo vikagombana. Labda lilipepetwa mara mbili kwa sababu mara ya kwanza lilianikwa chini, likaokota mchanga. Labda lilingoja magunia mengine kwa wiki tatu, fukusi wakaingia, na broka akapata sababu ya kushusha bei. Mnunuzi analipia ndengu kavu, safi, zenye uzito kamili. Hizo wiki tatu halipii hata senti.

Sasa rudini kwenye maharagwe. Kama wengi wanataka kufika 4 na leo wako 2, msipange kuruka mara moja. Chagueni hatua moja, jina la mtu mmoja, na tarehe moja. Kwa mfano: hesabu isomwe kwa Kikamba, polepole, na wanachama wawili tofauti washike risiti kila mkutano. Rudieni kupima swali lile lile baada ya msimu, kwa makopo yale yale.

Jambo la mwisho ni la siku yenyewe. Msipime siku mgeni mfadhili yupo. Watu watatia punje kwenye 5 kwa adabu, au kwenye 1 kwa kutarajia msaada, na yote mawili ni uongo.

Maswali ya kujadiliana kikundini:

Katika mkutano uliopita, tulikaa saa ngapi na tulifanya kazi saa ngapi?

Ni nani kati yetu ana ufundi ambao kikundi hakijawahi kuutumia?

Mweka hazina akiugua kesho, nani atajua pesa ziko wapi?