Siri ya Mwenzako Si Ombi la Jumatano

"Tunasali kwa Kiswahili hapa Nsambya, wengi tumetoka Kongo. Mchungaji ameniteua niwe mshauri wa akina mama, akanipeleka semina ya siku mbili nikapewa cheti. Sasa wananijia: mmoja mumewe anampiga, mwingine binti yake ameharibiwa na jirani. Mchungaji anataka nimweleze kila wanachosema, na mengine tuyaombee Jumatano. Moyo unasita. Nikasome zaidi, au Roho Mtakatifu anatosha?"
Mama wa maombi, Kampala

Mama, moyo wako umesita mahali panapostahili.

La binti halingoji. Apelekwe hospitali leo hii. Dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI hutolewa ndani ya saa 72 tangu tendo hilo. Kama hajafika miaka 18, kwa sheria ya Uganda hilo ni kosa la jinai, na wazee wa kanisa hawana ruhusa ya kulikalia kikao cha suluhu. Mwambie mama yake waziwazi kwamba utafuatana naye polisi, kwenye dawati la watoto na familia. Simu ya watoto, Sauti 116, ni ya bure.

Sasa hayo maombi ya Jumatano. Najua desturi hiyo ilikotoka. Tangu Simeoni Nsibambi na daktari Joe Church walipokutana Namirembe mwaka 1929, uamsho wa Balokole umetufunza kuungama mbele ya ndugu, na wengi wamefunguliwa kwa njia hiyo. Lakini mlokole aliungama ya kwake. Huyu anayepigwa hajatoa ushuhuda; amekukabidhi siri. Vyumba vyenu vya kupanga vinashikana ukuta. Ukisema "kuna dada mmoja ana shida na mumewe", hata usipotaja jina, mume atajua kabla hajalala, na kipigo kitamrudia mkewe. Mweleze mchungaji kwa heshima: la mtu nitakuletea mwenyewe akikubali, au maisha yakiwa hatarini. Mkubaliane hivyo kabla hujampokea mwingine.

Na ndiyo, kasome. Roho Mtakatifu hakatazi mtu kufundishwa. Shirika la TASO lilipoanza kuwahudumia wagonjwa wa UKIMWI hapa Kampala mwaka 1987, Noerine Kaleeba na wenzake hawakuwa na dawa ya kurefusha maisha ya wagonjwa. Walikuwa na uwezo wa kuketi nao na kuwasikiliza, na kazi hiyo ya ushauri wakawafundisha wengine kama kazi yoyote inavyofundishwa.

Ukienda kuulizia kozi, usianze na cheti. Uliza ni nani atakayekutazama ukimsikiliza mtu, kisha akuambie ulipokosea. Wakikujibu kwamba ni mihadhara tu, endelea kutafuta. Uliza pia kama wanafundisha lini mshauri ampeleke mtu Butabika kwa madaktari wa akili, maana si kila asiyelala ana pepo. Na Biblia wanaifundishaje? Wapo wanaotoka darasani na mstari mmoja kwa kila shida. Usimfungulie Waefeso 5 mwanamke ambaye jicho bado limevimba. Marafiki wa Ayubu walikaa naye siku saba bila kusema neno, na hapo walikuwa washauri wema. Walipofungua vinywa ndipo walipomuumiza.

Kama kozi ni ya Kiingereza na hakikupandi vizuri, nendeni wawili au watatu, mwombe mwenzenu awatafsirie. Mchungaji naye aje.

Huyo dada anayepigwa, kabla ya kumwombea, muulize usiku wa leo atalala wapi.