Dondoo muhimu: Mablanketi baada ya kipupwe

Kiomboi, mji ulio katika nyanda za juu za Iramba, mablanketi mazito huhitajika zaidi kati ya Juni na Agosti, kisha huwa mzigo katika nyumba ya vyumba viwili. Kabla ya kuhifadhiwa hufuliwa na kuanikwa juani hadi pindo na mishono ikauke kabisa, kwa kuwa humo ndimo unyevu hujificha na kuotesha kuvu, yaani ukungu uachao madoa na harufu. Sufu huliwa na viwavi wa nondo, hasa penye jasho, lakini poliesta hunusurika. Begi la kuyahifadhia uvunguni mwa kitanda liinuliwe juu ya matofali, mbali na ukuta, kwa sababu ya mchwa. Blanketi la ziada, likikunjwa ndani ya foronya, hutumika kama mto wa kochi.