Hofu ya Kwenda Chuoni: Somo Kutoka Hira



Somo hili limetokana na jambo ambalo wengi wetu tunalificha. Mwanafunzi anaamka Asiatique, anaswali alfajiri, anaaga nyumbani, anapanda hadi Mutanga. Akikaribia lango, tumbo linamchafuka, mikono inatoka jasho, anageuka. Anashinda msikitini au dukani kwa mjomba, jioni anarudi na madaftari yake kama mtu aliyesoma. Baada ya wiki tatu, kuulizwa alikuwa wapi kunamtisha kuliko masomo yenyewe.

Sababu ni nyingi; kwetu kubwa ni ulimi. Nyumbani Kiswahili, barabarani Kirundi, madrasa Kiarabu, kisha profesa anataka utoe ekspoze kwa Kifaransa mbele ya ukumbi uliojaa. Anayekucheka ukikosea hajui kwamba huenda kesho hutarudi.

Mtu huyu tunamwambia nini? Mara nyingi: imani yako imepungua. Hilo ni kosa. Mtume (s.a.w.) alipokuwa katika pango la Hira, amri ya kwanza kumfikia ilikuwa ya kusoma. Akajibu kwamba yeye si msomaji. Kisha akarudi nyumbani akitetemeka, akaomba afunikwe mpaka hofu imtoke. Ikiwa mbora wa viumbe alitetemeka, nani athubutu kusema hofu ni dalili ya imani haba?

Sasa mtazameni Bi Khadija (r.a.). Kwanza alimfunika, hakumhoji. Alipotulia, akamsikiliza. Kisha akamtajia aliyoyajua juu yake: anaunga udugu, anawabebea wanyonge mizigo yao, anakirimu wageni. Hayo hayakuwa maneno matupu ya kutia moyo, yalikuwa ushahidi wa maisha yake mwenyewe. Halafu akampeleka kwa Waraqa bin Nawfal, mzee mwenye elimu ya vitabu vilivyotangulia. Pamoja na mapenzi yake yote, alitambua kwamba jambo lile linahitaji mjuzi. Nasi vivyo hivyo: mwenzako akikosa usingizi wiki nzima, akiacha kula, au akisema heri afe, usimwache peke yake, mpeleke kwa mjuzi siku hiyohiyo. Hospitali ya magonjwa ya akili ipo Kamenge. Watu husema ni ya wendawazimu tu. Wanakosea, na anayekwenda huko hana aibu kuliko anayekwenda kutibiwa malaria.

Nabii Musa (a.s.) naye, katika Surat Taha, alipotumwa kwa Firauni aliomba kifua chake kikunjuliwe na fundo la ulimi wake lifunguliwe. Hakuishia hapo, akamwomba pia Harun nduguye awe pamoja naye. Basi omba dua, na utafute Harun wako. Kutaneni mjini, mpande pamoja.

Ukifika, usijidai shujaa. Kila unapogeuka langoni unapata nafuu papo hapo, na nafuu hiyo ndiyo inayoifundisha nafsi kwamba chuo ni hatari. Leo ingia uwanjani tu, ukae mpaka moyo utulie. Kesho kaa saa moja, kiti cha nyuma karibu na mlango. Usitoke hofu ikiwa kileleni, ingoje ishuke. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 934, alishauri tuandae fikra za kutuliza nafsi wakati tumetulia, kama mtu anavyoweka dawa nyumbani kabla ya kuugua. Ziandike nyuma ya daftari.

Lakini si kila hofu ni ya kuzoeleka. Juni 1995 wanafunzi waliuawa ndani ya kampasi ya Mutanga. Mwaka 2015 chuo kilifungwa, na wanafunzi waliotolewa mabwenini wakalala nje karibu na ubalozi wa Marekani. Mzazi anayesita kumruhusu mwanawe akae bwenini ana anachokikumbuka, msikilizeni. Na wewe dada au kaka, kama unachoogopa ni mtu anayekutisha au kukudai visivyo halali ili upate alama, hiyo ni dhuluma. Usiambiwe uvumilie. Mwambie mzazi, utuambie na sisi.

Anayetaka mtu wa kupanda naye Jumatatu amwone kiongozi yeyote wa jumuiya baada ya swala ya Ijumaa. Kina dada wamwone dada kiongozi. Hatutauliza sababu.