Shamba la Mboga Mjini: Je, Linakulipa au Unalilipa Wewe?

Ukipita Kayole, Githurai, Kibera au kule Ruai, utaona sukuma wiki kwenye magunia, spinachi nyuma ya nyumba na managu kwenye kaploti kalikokuwa kakiota nyasi tu. Watu wengi mjini wanalima. Lakini uliza kumi kati yao swali moja: "Mwezi uliopita ulipata faida ya pesa ngapi?" Wengi watakujibu, "Ilikuwa sawa tu."

"Sawa tu" si hesabu. Mboga ni biashara ya shilingi kumi kumi. Pesa inaingia kidogo kidogo na kutoka vivyo hivyo, hivyo ni rahisi kulima msimu mzima ukiamini unapata, kumbe mshahara wako ndio unalisha shamba. Katika somo hili tutapiga hesabu ya shamba dogo la sukuma wiki, tuone faida inapotelea wapi, kisha tuone jinsi simu yako inavyoweza kukusaidia kuifuata.

Hesabu ya miche 200

Tuchukue mfano wa kipande cha futi 20 kwa 40. Ukipanda sukuma kwa nafasi ya sentimita 60 kwa 45, miche 200 inaenea hapo na njia ya kupitia inabaki. Bei zilizo hapa chini ni za mfano. Zibadilishe uweke za mtaani kwako.

Gharama za kuanza:

- Miche 200 kwa Sh3: Sh600
- Samadi magunia 6 kwa Sh300: Sh1,800
- Kibarua wa kulima na kutengeneza matuta: Sh1,500
- Dawa na sabuni ya wadudu: Sh500

Jumla ni Sh4,400. Wengi huishia hapo wakidhani wamemaliza hesabu. Bado kuna maji.

Ukimwagilia kila mche lita moja, miche 200 inakunywa lita 200, yaani mitungi 10 ya lita 20. Ukimwagilia mara nne kwa wiki, hiyo ni mitungi 40. Mtungi ukiwa Sh5, unalipa Sh200 kwa wiki. Tuseme msimu wako ni wiki 20: wiki 6 za kungoja na wiki 14 za kuvuna. Maji peke yake ni Sh4,000. Mtungi ukiwa Sh10, ni Sh8,000, karibu mara mbili ya vitu vingine vyote ukivijumlisha.

Sasa mapato. Ukichuma majani matatu kwa kila mche kwa wiki, unapata majani 600. Ukifunga majani manane kwa fungu, una mafungu 75 kwa wiki. Ukimuuzia mama mboga kwa Sh10 fungu, ni Sh750 kwa wiki, na Sh10,500 kwa wiki 14. Ukiwauzia majirani moja kwa moja kwa Sh15, ni Sh15,750.

Weka pamoja sasa:

- Maji Sh5, unauza Sh10: faida Sh2,100
- Maji Sh10, unauza Sh10: hasara Sh1,900
- Maji Sh5, unauza Sh15: faida Sh7,350
- Maji Sh10, unauza Sh15: faida Sh3,350

Shamba ni lile lile, miche ni ile ile, na mkulima ni huyo huyo. Kilichobadilika ni bei ya maji na mtu unayemuuzia. Kabla hujanunua mbegu, jibu maswali hayo mawili.

Usisahau muda wako pia. Saa moja kila siku kwa wiki 20 ni saa 140. Ile faida ya Sh7,350 ukiigawa, ni kama Sh52 kwa saa. Kwa mtu ambaye angekaa bure jioni, hiyo si mbaya. Kwa anayeacha kibarua ili amwagilie maji, afikirie tena.

Punguza bili ya maji kwanza

Tandaza nyasi kavu au majani makavu kati ya miche ili udongo usikauke haraka. Mwagilia asubuhi mapema au jioni, si saa saba jua likiwaka. Kama unalima kwenye gunia, weka nguzo ya kokoto katikati kuanzia chini hadi juu ili maji yafike hata kwa miche ya pembeni, chini kabisa.

Halafu angalia paa lako. Mvua ya milimita 10 ikinyesha kwenye bati la mita 20 za mraba, inateremsha karibu lita 200. Hiyo ni mitungi 10, yaani maji ya siku moja ya kumwagilia. Mfereji wa bati na pipa ni gharama ya mara moja, na kila mvua inapunguza deni hilo.

Lakini usivute maji taka hata kama yanapita karibu na ni ya bure. Mboga hizo zinaliwa na watoto wa mtaa wako na wa nyumbani kwako. Pia ukipiga dawa, soma kwenye kibandiko ni siku ngapi za kusubiri kabla ya kuvuna. Mteja mmoja akiugua, habari zitafika mtaa mzima kabla ya jioni.

Usipande zao moja, wala usipande siku moja

Sukuma inachukua karibu wiki sita baada ya kuhamishwa kutoka kitaluni ndipo uanze kuchuma. Wiki hizo sita unatoa tu. Terere unaweza kuvuna baada ya wiki tatu au nne, na dania baada ya wiki tano hivi. Tenga tuta moja au mawili ya mboga za haraka ili pesa ya maji itoke shambani lenyewe badala ya kutoka mfukoni.

Dania usiipande yote kwa mpigo. Panda mstari mmoja, ngoja wiki mbili, panda mwingine. Ukivuna yote siku moja, utawabembeleza watu waichukue kwa bei ya kutupa. Ukiwa na kidogo kila wiki, wateja watakuzoea na watakutafuta.

Angalia msimu pia. Wakati wa mvua kila mtu ana mboga, na Marikiti inajaa, kwa hivyo bei inashuka. Ukihamisha miche katikati ya Novemba, unaanza kuchuma Januari, wakati mvua imeisha na mboga zimepungua sokoni. Bei huwa nzuri, ila maji ndiyo ghali. Hapo ndipo lile pipa linapokulipa.

Tenga pesa ya shamba na pesa ya nyumba

Hapa ndipo mashamba mengi yanapofia. Mauzo ya mboga yanaingia kwenye laini ile ile inayolipa stima, vifurushi na nauli. Mwisho wa mwezi hujui ni nini kilikula nini. Fanya hivi:

1. Pokea malipo ya mboga mahali pamoja. Tumia till au laini ya pili ambayo kazi yake ni shamba tu. Andika namba kwenye kadibodi uiweke mahali wateja wanaiona. Hata mwenye kununua ya kumi bob alipe hapo.

2. Lipa gharama kutoka hapo hapo. Agroveti, mwenye maji na kibarua wote walipwe kwa simu. Kila malipo yanaacha alama, na hulazimiki kutoa pesa taslimu mara kwa mara huku ukikatwa ada kila ukitoa.

3. Nunua mboga yako mwenyewe. Ukibeba mafungu matatu kila wiki kwenda jikoni, kwa Sh10 hiyo ni Sh420 kwa wiki 14. Kwenye ule mfano wa faida ya Sh2,100, umekula moja ya tano. Kula si makosa, maana ndiyo sababu moja ya kulima. Lakini toa pesa kwenye laini ya nyumba, uitume kwenye ya shamba, ili ujue shamba limefanya kazi gani.

4. Deni liwe na jina na siku. Mama mboga akichukua mafungu 20 akuambie atatuma jioni, andika. Kama jioni haijafika pesa, mkumbushe kwa heshima kesho yake asubuhi, kabla hajachukua mengine. Deni la Sh200 likikaa wiki tatu linageuka urafiki, na urafiki haulipi maji.

5. Soma stetimenti kila mwisho wa mwezi. Jumlisha yaliyoingia, jumlisha yaliyotoka, toa. Nusu saa inatosha. Jumla hiyo ndiyo jibu la lile swali la mwanzo.

Na ujilinde. Mtu akikuonyesha ujumbe wa malipo kwenye simu yake, huo si ushahidi. Angalia simu yako na salio lako kabla hujampa mzigo. Ukipigiwa simu na mtu anayedai amekutumia pesa kimakosa na anataka umrudishie haraka, usikimbilie kutuma. Kagua salio kwanza, halafu piga simu kwa huduma kwa wateja. PIN yako haiombwi na mtu yeyote, hata anayesema anatoka kwetu.

Kabla hujapanda

Kubaliana na mwenye ploti kwa maandishi kwamba utamaliza msimu kabla hajajenga. Kipande kilicho kando ya barabara kinaweza kuchukuliwa siku yoyote, na moshi wa magari si rafiki wa mboga. Kama uko Nairobi, kaunti ina sheria ya kilimo cha mjini tangu 2015, kwa hivyo muulize afisa wa kilimo wa wadi yako unachoruhusiwa kufanya na msaada uliopo.

Kisha anza kidogo. Panda miche 50, si 200, uandike kila shilingi kwa wiki 20. Kama miche 50 imekuachia faida, una sababu ya kuongeza. Kama imekula pesa yako, imekula kidogo, na daftari litakuonyesha kama ni maji, ni bei, ni deni au ni sufuria ya nyumbani.

Kazi ya leo ni moja: uliza bei ya mtungi wa maji mtaani kwako, uliza mama mboga wako fungu atalichukua kwa pesa ngapi, kisha urudie ile hesabu ukitumia namba zako. Ikitoka vizuri, tafuta jembe.